Homa ya Mume Wangu

Mume wangu aliugua malaria kila Jumamosi. Hivyo ndivyo walivyojua majirani zetu wa Kasongo, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Ni mbu gani huyo anayechagua siku, hakuna aliyeuliza. Mama mkwe wangu alinipa majani ya kumchemshia, nami nikayachemsha, na mume wangu akayanywa amefumba macho, maana kichwa kilikuwa kinamgonga kweli. Safari moja mwalimu wa msikitini alikuja na sahani ya kombe, ameandika aya kwa zafarani na kuziosha kwa maji, akamsomea dua ndefu. Mume wangu akalinywa lote. Nilisimama mlangoni nikitazama, nikaona aibu, kisha nikampokea mwalimu sahani yake na kumshukuru.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabeleji. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Alipeleka Kabambare chumvi, vitambaa, sabuni na majembe, akarudi na mpunga, karanga na mafuta ya mawese. Waliojua kuendesha gari walikuwa wachache, na kila mtu aliwajua. Akipita mtaani kwa miguu, wazee walikuwa wa kwanza kumsalimu. Mimi nami nilitembea sokoni kichwa juu, sikatai. Nilikuwa mke wa dereva.

Njia ya Kabambare ilikuwa na desturi yake. Dereva alibeba barua za watu, mbuzi wa mahari, mgonjwa wa kupeleka kwa munganga, na hakudai kitu. Kijiji kilimshukuru kwa namna yake. Kwetu mjini ungemshukuru mtu kwa kahawa au kuku, lakini kuku wa nini kwa mtu aliye safarini, atampikia wapi? Basi walimkaribisha nyuma ya nyumba, wakampa kikombe cha lutuku, ile pombe kali inayopikwa kwa muhogo na mahindi mpaka itoke kama maji. Serikali ilikuwa imeikataza. Wanawake walioipika walifungwa, vyungu vyao vikavunjwa mbele ya watu. Kwa hiyo aliyeonyeshwa mahali inapopikwa alikuwa ameaminiwa, na aliyekataa kikombe walimwona mtu wa kwenda kushitaki. Mume wangu alinieleza hivyo siku ya kwanza aliponijia ananuka. Alisema alikunywa kwa ajili ya amani. Nikamwamini, na kwa siku ile moja nadhani alisema kweli.

Baadaye hakueleza tena.

Sisi ni Waislamu wa mjini, watu ambao babu zao walikuja na biashara zamani, na mji wetu una macho. Mlevi haitwi kwenye maulidi. Binti zake hawaposwi. Siku ya harusi yangu mama mkwe alinikalisha mkekani akaniambia kwamba mke ni nguo ya mumewe, na kazi ya nguo ni kufunika. Niliishika kazi hiyo vizuri kuliko alivyotarajia. Nilimpa karafuu za kutafuna kabla hajafika barazani. Nilichoma udi chumbani. Kanzu aliyoitapikia niliifua kabla ya adhana ya alfajiri, nikaianika ndani. Mtu akimwita, nilitoka mimi na kusema homa imempanda. Na kama unataka ukweli wote, nilijisifu moyoni. Niliona wanawake wenzangu wanaopayuka mambo ya waume zao kisimani, nikawadharau.

Kuhusu lori sikuwaza. Sikuwahi kumwona akiliendesha amelewa, nilimwona akifika tu. Na kwa kuwa alifika Jumamosi hii na Jumamosi iliyofuata, nilijiambia kwamba njia ameizoea, anaweza kuipita hata amelala. Nikikumbuka fikra hiyo leo natamani kujichapa kofi. Siku hizi nawaona vijana wa pikipiki wanaobeba watu huko Kabambare, wananuka tangu saa nne asubuhi, na abiria anapanda huku akisema huyu ameizoea njia. Ni maneno yangu yaleyale.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Kabambare, akajifungua, na ikawa zamu yangu kwenda kukaa naye. Mume wangu akasema twende wote, nitakaa mbele. Tuliondoka baada ya swala ya asubuhi. Juu ya mzigo walipanda wanawake wawili wakulima waliokuwa wakirudi kwao, pamoja na mpakizi wa lori, mtu mzima mwenye mvi, ambaye kazi yake ilikuwa kupakia, kupakua na kuweka gogo nyuma ya gurudumu kila tuliposimama mlimani. Nilikuwa nimejifunga kanga mpya. Mume wangu alinitania kwamba naenda kumtazama mtoto au naenda kuolewa tena. Tulicheka mpaka Lusangi.

Mbele ya Lusangi, katika kijiji kimoja kilicho ukingoni mwa barabara, akasimamisha gari. Alisema injini imechemka, inataka maji. Akachukua debe akaenda nyuma ya nyumba. Tulikaa. Jua likapanda. Wale wanawake wawili wakashuka, wakala muhogo wao, wakapanda tena. Hatimaye akaja anatembea kwa uangalifu mwingi, kila mguu akiutafutia mahali pake, na debe lilikuwa tupu.

Nilijua kabla hajafungua mlango. Nikamwambia kwa sauti ndogo tupumzike kidogo, jua lipoe. Akanitazama kwa macho mekundu.

“Nani iko shofele wa hii lori?” akasema. “Ni weye?”

Yule mpakizi aliinama kutoka juu, akatia kichwa dirishani na kuuliza kama bwana ni mzima. Alimuuliza yeye, lakini mimi ndiye niliyejibu. Nilisema homa imemshika njiani, itapoa. Mpakizi akatikisa kichwa kwa huruma, akawaambia wanawake wa juu, nao nikawasikia wakimpa pole. Nilifungua pindo la kanga nikamtolea karafuu tatu. Ulimi wangu ulikuwa umezoea. Neno lilitoka lenyewe kabla sijafikiri, na lilipokwisha kutoka nikatulia, kama vile homa ni kitu salama cha kuendeshea gari.

Mwanzoni alikwenda polepole. Kisha akaanza kuimba. Majani ya kando ya barabara yaliingia dirishani, mara upande wangu, mara upande wake. Gurudumu moja lilipanda ukingo likashuka, na huko juu mazungumzo yakakatika. Nilishika chuma cha mlango kwa mikono miwili nikasoma kila nilichokihifadhi tangu utotoni. Nilikuwa na mdomo, ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumwambia mpakizi ashuke na wanawake wale. Lakini ningewaambia nini, na kesho mpakizi angesema nini Kasongo? Hilo ndilo nililoliogopa. Niliogopa Kasongo kuliko mto uliokuwa mbele yetu.

Madaraja ya njia ile, ambayo kila moja watu wa huko huliita kilalo, yalikuwa ya magogo. Magogo mazito yalilazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake mistari miwili ya mbao, kila mmoja upana wake ni gurudumu na kiganja tu. Kila daraja lilikuwa na utaratibu ambao hata mtoto aliujua. Abiria wanashuka, wanavuka kwa miguu, wanapanda kilima cha ng'ambo na kungoja huko, mbali na njia. Kantonye, yaani yule mfanyakazi wa Serikali anayetunza kipande hicho cha barabara, anasimama ng'ambo juu ya ukingo, dereva amwone. Anaelekeza kwa mikono, kulia, kushoto, njoo, na akifumba ngumi, simama. Hakuna anayekaa kwenye mbao gari linapopita.

Kantonye wa daraja lile alikuwa mtu wa makamo, Mbangubangu kwa kabila, Mkristo, mwembamba, mwenye kaptula ya Serikali iliyotiwa viraka. Magogo yale alikuwa ameyakata mwenyewe na kuyalaza mwenyewe. Mume wangu alikuwa akinisimulia habari zake, kwamba ukimfuata mikono yake huwezi kuanguka. Lori liliposimama alikuja kutuamkia upande wetu, na wale wengine wakaanza kuvuka. Nami nikashuka. Akaona mume wangu ameinamia usukani, akanifuata.

“Mama, bwana yako iko namna gani?”

Alinitazama usoni. Alikuwa na jembe begani na matope mpaka magotini. Nakumbuka kwamba kulikuwa na nafasi kabisa, hakuna aliyekuwa akitusikia, maji yalipiga kelele chini yetu. Nilisema, “Iko na homa kidogo.”

Akafikiri. Kisha akaweka jembe lake chini.

“Mutu wa homa haoni mbali,” akasema. “Basi mimi sitasimama ngambo. Nitatembea mbele yake, karibu, aone mikono yangu muzuri.”

Nilivuka, nikapanda kilima na wenzangu, nikageuka. Alikuwa amesimama juu ya daraja, uso kwa lori, akirudi kinyumenyume hatua moja moja, mikono yake juu, akizungumza na mume wangu kwa upole kama unavyomsemesha mtoto anayejifunza kutembea. Magurudumu ya mbele yakapanda mbao, sawasawa kabisa. Wakapita katikati, wakakaribia ng'ambo. Nilivuta pumzi. Ndipo injini ikanguruma, sijui mguu wake ulitafuta breki au ulitafuta nini, lori likaruka mbele, gurudumu la kushoto likatoka kwenye ubao, na yule mtu akafumba ngumi. Alifumba ngumi mara mbili. Lori likambana kwenye gogo lililosimikwa mwishoni, pale ambapo daraja linaungana na udongo, likazima.

Hakukuwa na sauti nyingine ila maji. Mwanamke mmoja kati ya wale wawili alikaa chini palepale. Mimi nilikimbia kuteremka, na nitasema nilikokimbilia, kwa kuwa ndilo jambo ambalo sijawahi kujisamehe. Sikwenda kwa aliyebanwa. Nilikwenda kwenye mlango wa lori. Nilidhani mume wangu amekufa, kichwa chake kilikuwa juu ya usukani. Nikaufungua, nikamsikia anakoroma. Alikuwa amelala. Mtu anapasuka mbavu mbele ya gari lake, naye amelala. Na mimi, Mungu anajua, nilifungua pindo la kanga, nikamtia karafuu mdomoni, nikazisukuma kwa kidole, ndipo nikageuka kwenda kwa yule mwingine.

Mpakizi alikuwa ameshamtoa, amemlaza majanini. Alikuwa hai. Damu ilimtoka mdomoni kidogo kidogo, na kila pumzi ilikuwa na kazi yake. Nilipiga magoti, nikamshika kichwa. Alifumbua macho akanitambua. Midomo ikatembea, nikainama nisikie.

“Mugonjwa,” akasema, “iko muzima?”

Nilimwambia ndiyo. Akafumba macho kama mtu aliyeridhika. Walimkatia miti, wakamfungia machela ya kanga yangu ile mpya na kanga za wenzangu, wakambeba kuelekea kijijini kwake. Hakufika. Alikufa barabarani, katika kipande chake mwenyewe alichokuwa akikilima miaka yote.

Watu walikuja wengi pale kijijini. Wengine walikuja kwa marehemu, wengine walitoka Kasongo kwa ajili yetu, akiwamo kaka mkubwa wa mume wangu. Kila aliyefika alisema ajali haina kinga. Wakristo walisema, Waislamu walisema, nami niliitikia. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote bila kuichukia. Sasa niliichukia kila ilipotamkwa.

Siku ya tatu tuliitwa Kabambare, kwenye baraza ya ofisi ya Serikali. Mzungu aliyesikiliza shauri alikuwa kijana, mchovu, mwenye Kiswahili cha kuamrisha. Mume wangu alisimama amenyoa, kanzu safi, mnyonge, akasema homa ilimzidi, hakumbuki kitu. Mpakizi akasema kweli, alikuwa na homa, alisikia hivyo njiani. Wale wanawake wawili wakasema hivyohivyo. Wote walisema kweli waliyoijua, na kweli yao niliipika mimi. Mzungu akauliza kantonye alikuwa anafanya nini katikati ya daraja wakati sheria ni kusimama ng'ambo. Akageuza kalamu yake, akasema huku vijijini wanapika lutuku, bila shaka marehemu alikuwa amekunywa. Kaka wa mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Karani akainama kuandika.

Kumbe hivyo ndivyo ingekuwa. Aliyelewa ataandikwa mgonjwa, na aliyekufa akimwonea huruma ataandikwa mlevi, na watoto wake watakua wakiambiwa baba yao alijiua kwa pombe na kuharibu lori la watu.

Mjane alikuwa ameketi chini kwenye ngazi, kitambaa cheupe kichwani. Hakuulizwa, alisimama tu.

“Bwana yangu hakukunywa,” akasema. “Alitoka nyumbani na muhogo na maji. Miaka yote alisimama ngambo, hata siku moja hakusimama juu ya kilalo na motokari iko inapita. Ile siku nani alimuita?”

Hakunitazama mimi. Alimtazama karani, halafu Mzungu, halafu mume wangu, mmoja mmoja, akingoja. Shemeji yangu alikohoa. Nilikijua kile kikohozi, kilikuwa cha kunionya mimi. Nilikumbuka mama mkwe pale mkekani, na binti zangu wawili waliobaki Kasongo kwa bibi yao. Nilifikiri kwamba nikinyamaza, dakika moja tu, mwanamke huyu atakaa chini na mambo yatakwisha. Sikuwa jasiri, asije mtu akaniita jasiri. Ila sauti ya yule mtu akiuliza kama mgonjwa ni mzima haikuwa imenitoka sikioni tangu siku ile, na sikuweza kuisikia hiyo na kalamu ya karani kwa pamoja.

“Ni mimi,” nikasema. “Nilimuambia bwana yako kwamba bwana yangu iko na homa. Haikuwa homa. Ilikuwa lutuku, na mimi nilijua.”

Mume wangu hakukana. Aliniangalia kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyeamka akakuta hana nguo, kisha akafunika uso kwa mikono. Walimchukua siku hiyohiyo. Karani alifuta alichoandika, akaanza upya, nami nikahojiwa mpaka alasiri. Nilipotoka, shemeji yangu alinipita barazani bila kunitazama. Alisema kwa sauti ya wote kwamba talaka itanifuata, nisihangaike kurudi. Ilinifuata kweli, kabla mwezi haujaisha, na binti zangu niliruhusiwa kuwaona baada ya muda mrefu sana. Mji ulinihukumu kwa kumvua mume nguo mbele ya Wazungu. Kuhusu mtu aliyekufa, mjini hawakuzungumza.

Lakini siku ile, pale nje, bado sikuwa nikiyafikiria hayo. Nilijiona mwepesi. Nilidhani nimelipa. Nilimtafuta mjane, nikamkuta anakunja mkeka wake kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi, watoto wanamngoja. Nikapiga magoti mavumbini mbele yake, nikamwomba msamaha, na katika pembe ya moyo nilikuwa nangoja anishukuru, maana jina la mumewe nilikuwa nimelirudisha.

Alimaliza kukunja mkeka. Akauweka kichwani, akausawazisha kwa mkono. Hakuwa na hasira. Aliongea kama anayenieleza njia.

“Mama, hayo maneno ni mafupi,” akasema. “Ungeyasema kule kwa kilalo, angesimama ngambo.”